UTEP wanarudi nyumbani, na sisi Wabongo tuna sehemu yetu kwenye hii stori

Julai 1, 2026 ndo tarehe rasmi. Chuo cha UTEP, yaani University of Texas at El Paso, kinatoka kundi la michezo linaloitwa Conference USA kinaingia kundi la Mountain West, na niseme mapema kabisa kwamba nimefurahi, nimefurahi sana kwa kitu ambacho ukikiangalia harakaharaka unaweza ukasema ni mkataba wa TV tu. Kilitangazwa Oktoba 1, 2024 na tangu siku hiyo huku El Paso watu wanaongelea mpira wa Kimarekani tu (nikisema mpira hapa ni huo), nani atakuja uwanja wa Sun Bowl, tiketi zitauzwaje, sawa, hiyo ni haki yao. Mimi nataka niongelee wakimbiaji, na miaka, na umbali, kwa sababu hapo ndo uzito wa hii habari ulipo na sioni mtu anaandika kwa lugha yetu.

Kwanza kwa walioko nyumbani ambao hawajui mfumo wa huku. Michezo ya vyuo Marekani haina kupanda daraja wala kushuka daraja. Vyuo vinajikusanya vyenyewe kwenye kundi linaloitwa konferensi, vinasaini mkataba, vinacheza wao kwa wao, vinauza haki za kuonyesha mechi kwa pamoja na hela wanagawana, na bingwa wao wa basketi anapata nafasi moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa ya mwezi wa tatu. Chuo kikiona kwingine kuna hela zaidi kinaaga kinaondoka. Chukulia Simba na Yanga waamke asubuhi moja waseme sisi tunahamia ligi ya Afrika Kusini, Azam awafuate wiki inayofuata, halafu Kagera Sugar na Mbeya City wabaki wanaangaliana hawajui msimu ujao watacheza na nani. Ndo hivo hivo. Na kinachoamua kuhama karibu kila mara ni mpira wa Kimarekani kwa sababu huko ndo hela ya TV ilipo, michezo mingine yote, riadha, voliboli, gofu, soka la wanawake, inaburuzwa nyuma iwe inataka au haitaki.

Sasa hii ya UTEP ilianzia mbali na wala haikuanzia El Paso. Juni 2022 UCLA na USC, vyuo vikubwa vya Los Angeles, vilitangaza vinaondoka Pac-12, konferensi ya pwani ya magharibi, kwenda Big Ten ambayo asili yake ni majimbo ya kati kule kwenye baridi. Mwaka uliofuata, 2023, Pac-12 ikasambaratika ndani ya wiki chache, Oregon na Washington wakawafuata Big Ten, Utah na Arizona na Arizona State na Colorado wakaenda Big 12, Stanford na California wakaishia kwenye konferensi ambayo jina lake lenyewe linataja pwani ya Atlantiki wakati wao wanaoga Pasifiki. Wakabaki wawili tu, Oregon State na Washington State (Washington State hiyo ndo ya Henry Rono, Mkenya aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi, chuo chenye jina namna hiyo kwenye riadha kinaachwa bila kwao, mimi iliniuma). Wale wawili na wao wakageuka Septemba 2024 wakaenda kuchukua timu za Mountain West ili waijenge upya Pac-12, Boise State, San Diego State, Colorado State, Fresno State, na Utah State wakafuata. Mountain West ikawa na pengo, ikatafuta wa kuziba, ikapiga simu El Paso.

Kwahiyo ndio, UTEP wameitwa kwa sababu wengine wameondoka. Nawasikia wanaosema hiyo siyo heshima, kwamba mnaingia kwenye nyumba ambayo wenye hela wameshahama. Nawaelewa. Ila hao hawakumbuki 1999, au walikuwa hawajazaliwa.

UTEP waliingia Western Athletic Conference, WAC, mwishoni mwa miaka ya 60, na walikaa humo mpaka 2005. Ile WAC ya zamani ilikuwa kundi la watu wanaofanana, vyuo vya milimani na jangwani, New Mexico, Wyoming, Utah, BYU, Colorado State, baadaye San Diego State, Hawaii, Air Force. Mwaka 1996 wakaamua kupanuka mpaka timu 16, wakaingiza Rice, SMU, TCU, Tulsa, San Jose State, UNLV, ikawa konferensi inayoanzia Honolulu inaishia Oklahoma. Gharama za safari zikapanda, hela ikawa inagawanywa kwa watu wengi, majirani wa zamani wakawa hawakutani kila mwaka. Ikapita miaka miwili tu, 1998, vyuo vinane vikatangaza vinajitoa kuanzisha cha kwao: Air Force, BYU, Colorado State, New Mexico, San Diego State, UNLV, Utah na Wyoming. Hicho ndo kikawa Mountain West, kikaanza 1999. UTEP hawakualikwa. Watu waliokaa nao miaka thelathini, New Mexico ambao unaendesha gari saa nne umefika kwao, wakaondoka wakawaacha.

Mwaka huohuo 1999 kocha Don Haskins akastaafu. Huyu ndo yule aliyefundisha basketi El Paso tangu 1961, ndo aliyeanzisha wachezaji watano weusi kwenye fainali ya taifa ya 1966 dhidi ya Kentucky na wakashinda 72 kwa 65, wakati chuo bado kinaitwa Texas Western. Ushindi ushapita, kocha kaondoka, majirani wameondoka, yote kwa mwaka mmoja. Wazee wa hapa wakikusimulia mwaka ule unaona kabisa bado wanaumia. Na mtu asikudanganye kwamba chuo hakikujaribu uwanjani, mwaka 2000 waligawana ubingwa wa WAC kwenye mpira na TCU, ila ndo hivo, meza kubwa ilikuwa imeshahama.

Wakaingia Conference USA 2005. Hapo mwanzoni haikuwa mbaya maana walihama pamoja na Rice, SMU na Tulsa, angalau kulikuwa na watu wa Texas wa kucheza nao. Lakini SMU na Tulsa wakaondoka, halafu 2022 wakaondoka watatu wengine, 2023 wakaondoka sita kwa mpigo wakiwemo Rice, North Texas na UTSA wa San Antonio, kila ukigeuka UTEP ndo wanabaki wanakaribisha wageni wapya. Mwishoni unaangalia ratiba unakuta Liberty wa Virginia, FIU wa Miami, Kennesaw State wa Georgia, Jacksonville State wa Alabama, na 2025 akaongezwa Delaware. Delaware! Kutoka El Paso kwenda kule kwa barabara ni zaidi ya kilomita 3,000 na saa zao ziko mbele mbili, maana El Paso ipo kwenye kona ya magharibi kabisa ya Texas, tunatumia saa za milimani, hatutumii saa za Dallas na Houston. Halafu kwa ajili ya TV mechi za mpira za Oktoba zikawa zinachezwa Jumanne na Jumatano usiku, mtu ana watoto wa shule, ana kazi asubuhi, uwanja wa watu zaidi ya 45,000 unaujazaje Jumatano?

Na hao ni wa mpira, ambao wanasafiri kistaarabu. Wewe mfikirie binti wa voliboli au soka, ana mtihani wa kemia Ijumaa, Alhamisi yupo kwenye ndege ya kwenda kubadilisha ndege ili afike Virginia, anacheza, anarudi Jumapili usiku. Hakuna anayemuonyesha kwenye TV, hela ya ule mkataba haikutokana na yeye, lakini mwili unaochoka ni wake na masomo yanayoporomoka ni yake. Hili ndo linanifanya niseme kuhama kwa konferensi kupimwe kwa kilomita za basi kwanza halafu mambo mengine yafuate. New Mexico ni kama kilomita 430, unapanda barabara moja, I-25, mpaka Albuquerque, unalala kwenye basi unafika. Air Force wapo Colorado Springs. Wyoming ni mbali kidogo ila ni mwendo uleule wa kaskazini na saa ni ileile. Nevada na UNLV na San Jose State ni saa moja tu nyuma yetu. Hawaii ni mbali, sikatai, na Northern Illinois ambao wameingia kwa mpira peke yake hata sielewi vizuri wanatafuta nini jangwani. Lakini ukijumlisha, ni dunia nyingine.

Haya, tuje kwetu.

UTEP ina mataji 21 ya taifa. Moja ni lile la basketi la 1966. Mengine 20 yote ni ya riadha ya wanaume, saba ya mbio za nyika, saba ya riadha ya ndani ya ukumbi, sita ya uwanjani, na karibu yote yalikuja miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 chini ya kocha Ted Banks. Na walioyaleta, sehemu kubwa sana, ni Waafrika Mashariki. Suleiman Nyambui wa Majita kule Mara ndo alikuwa mfalme, bingwa wa nyika wa vyuo vyote Marekani 1980, mita elfu kumi alizibeba miaka kadhaa mfululizo mpaka wenzake wakawa wanagombea namba mbili. Mwaka huohuo 1980 Marekani wakasusia Olimpiki ya Moscow, Kenya pia wakasusia, yeye mwanafunzi wa chuo cha Marekani akaenda kwa sababu nchi yake ilienda, akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hiyo na ile ya Filbert Bayi ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, palepale Moscow, ndo medali za Olimpiki tunazojua sisi Watanzania. Baba yangu aliisikia kwa redio na mpaka leo ukimtajia Nyambui anakaa vizuri kwenye kiti. Lakini alikuwa hajui kabisa kwamba yule mtu mazoezi yake aliyafanya hapa, kwenye hivi vilima vikavu karibu na mpaka wa Mexico, kwenye chuo ambacho majengo yake yamejengwa kwa mtindo wa Bhutan na ukivuka mto uko Ciudad Juárez.

Nyambui hakuwa peke yake. Gidamis Shahanga wa Hanang, ambaye alishachukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola Edmonton 1978, alikuja hapa. Zakaria Barie naye. Mwaka 1982 kule Brisbane, mita elfu kumi ya Jumuiya ya Madola, wa kwanza Shahanga, wa pili Barie, Watanzania wawili na wote watu wa UTEP. Michael Musyoki wa Kenya alikuwepo miaka hiyo. Mwaka 1981 timu ya nyika ilishinda taifa kwa pointi 17, na hapo nieleze kidogo: unahesabiwa wakimbiaji watano wa kwanza wa timu yako, nafasi walizomaliza zinajumlishwa, ndogo ndo bora, kwahiyo ukishika moja mpaka tano unapata 15 na chini ya hapo haiwezekani. Wao walipata 17, wa kwanza akiwa Mathews Motshwarateu wa Afrika Kusini. Mbio za taifa zima, Marekani nzima. Wapo waliolalamika wakati ule kwamba watu wazima wa nje wanashindana na vijana wa Kimarekani, na mjadala huo mpaka leo unarudi kila akitokea Mkenya anayeshinda sana, mimi nasema waliowaalika na kuwapa skolashipu ni wao wenyewe na hakuna aliyekimbia kwa miguu ya kuazima.

Sasa tazama wapinzani wao kwenye konferensi miaka ile walikuwa kina nani. New Mexico walikuwa na Ibrahim Hussein wa Kenya, yule aliyekuja kushinda Boston marathoni mara tatu na New York 1987. Yaani ukienda mashindano ya WAC mwanzoni mwa miaka ya 80, katikati ya jangwa la Marekani, ungekuta Kiswahili kinaongewa kwenye mstari wa kuanzia kuliko lugha nyingine nyingi. Hiyo ndo konferensi waliyoipoteza 1999.

Na isije ikaonekana nasema zamani ilikuwa peponi. Aprili 1968 wanariadha weusi tisa wa chuo hiki, Bob Beamon akiwemo, walikataa kushindana na BYU ambacho ni chuo cha kanisa la Mormoni na kilikuwa humohumo WAC, kwa sababu kanisa lile wakati huo halikuwaruhusu watu weusi kushika ukuhani. Wakatolewa kwenye timu, wakanyang'anywa skolashipu. Oktoba mwaka uleule Beamon akaruka mita 8.90 kwenye Olimpiki ya Mexico City, rekodi iliyokaa miaka ishirini na zaidi. Konferensi inakuamulia unashindana na nani hata kama huyo mtu hataki uwe sawa naye, na wale vijana tisa walilipa gharama ambayo hakuna mkurugenzi wa michezo aliyeilipa.

Wakimbiaji wetu hawakukatika baada ya miaka ile. Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 Seoul 1988, amefundisha hapa muda mrefu. Anthony Rotich alibeba viunzi na maji vya taifa 2013, 2014 na 2015. Emmanuel Korir alishinda mita 800 za vyuo 2017, ndani na nje, halafu Tokyo akachukua dhahabu ya Olimpiki na 2022 akawa bingwa wa dunia. Rotich na Korir walikuwa wanakimbia mashindano ya Conference USA, na bila kumdharau mtu, mtu kama Korir kwenye mashindano ya konferensi hakuwa na wa kumsukuma. Unashinda kwa mita kumi, unapiga picha, unarudi kulala. Mountain West ni habari nyingine kabisa. New Mexico wanawake wamechukua taifa la nyika 2015 na 2017, na 2017 Ednah Kurgat wa Kenya alikuwa wa kwanza mtu mmoja mmoja. Air Force wanakimbia vizuri miaka yote. Halafu kuna urefu wa milima, Albuquerque ipo kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Laramie kule Wyoming inazidi 2,100, kijana aliyekulia Iten au Mbulu akifika hapo kifua chake kinajua kiko wapi. Mwisho wa Oktoba nyika ya konferensi itakuwa mbio kweli.

Kinachonivutia zaidi ya vyote ni hiki. Angalia majina yaliyobaki Mountain West: Air Force, New Mexico, UNLV, Wyoming, Hawaii, Nevada, San Jose State. Saba. Wote hao saba UTEP wameshakaa nao WAC kwa wakati mmoja au mwingine. Na wale wanane waliowaacha 1999, wanne wamebaki humo, Utah na BYU walishaondoka zamani, San Diego State na Colorado State ndo wanaondoka sasa. Kwahiyo anayesema UTEP wanaokota makombo aangalie tena, wale ambao wangependa kukaa nao ndo hao waliobaki.

Kuna moja linaniuma na sitalificha. New Mexico State wa Las Cruces, kilomita kama 70 tu kutoka hapa, wanabaki Conference USA. Hawa na UTEP wamecheza mpira tangu 1914, zaidi ya mara 100. Na hawana bahati ya kukaa pamoja, UTEP walipotoka WAC 2005 ndo New Mexico State waliingia WAC mwaka huohuo, wakapishana mlangoni, wakaja kukutana Conference USA 2023, sasa wanaachana tena. Naomba uongozi wa vyuo vyote viwili wasaini mkataba mrefu wa kucheza kila mwaka nje ya konferensi, mpira, basketi, voliboli, riadha, kila kitu, wasisubiri mtu wa TV awaambie. UTEP wanajua kabisa kuachwa na jirani kunavyokuwa, kwahiyo wao ndo wawe wa kwanza kupiga simu.

Kingine ninachoomba kwa chuo, na nimeshawaandikia: siku mnawakaribisha Mountain West kwa mara ya kwanza, waiteni wale wa zamani. Nyambui baada ya hapa alishinda Berlin marathoni 1987 na 1988, akaja kuwa katibu mkuu wa riadha nyumbani, siyo mtu wa kutafuta kwa tochi. Msiwaite watu wa mpira peke yao halafu wale walioleta mataji 20 wakaonekana kwenye picha ya ukutani tu.

Na nyinyi wenzangu wa Denver, Albuquerque, Las Vegas na Phoenix (Grand Canyon nao wamo Mountain West, na najua Phoenix Wakongomani na Warundi mpo wengi sana), ratiba ya nyika na riadha ikitoka nitaiweka hapa na tarehe zake. Nyika mara nyingi kuingia ni bure, beba maji, beba bendera yoyote uliyonayo, na ukimuona kijana wa UTEP mwenye jina la kwetu anapita kilomita ya sita amekunja uso, mwite kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa.